Mkono wa tina na mkono wa maji: nilivyojifunza kupiga spreyi rangi ya maji kwenye makabati ya jikoni

Mlango wa kwanza ulikuwa mdogo tu, ule wa juu ya jiko, sentimita 40 kwa 70, na nilipomaliza kuupiga nikarudi nyuma hatua mbili nikainama kuuangalia kwa pembeni ili mwanga wa dirisha uukate, nikaona uso wote una vijishimo vijishimo kama ganda la chungwa. Rangi nyeupe ya maji, nzuri kabisa kwenye kopo. Miaka 11 napiga rangi za tina (kile kiyeyushi chenye harufu kali) hapa Keko, Dar, na sijawahi kumpelekea mteja mlango wa namna ile, kwaiyo nikafanya kile ambacho mkono wangu umezoea, nikapitisha rangi nyingine juu ya ile ile ikiwa mbichi ili iyeyuke ijilaze. Dakika kumi baadae ilikuwa imeshaanza kushuka kwenye kingo za fremu, machozi manene kama ya mshumaa, na milango 25 ilikuwa bado imeegemea ukuta inanisubiri.

Kazi yenyewe ilikuwa jiko la nyumba moja huko Tegeta, milango 26 na droo 9. Mama mwenye nyumba ana mtoto wa miaka 6 mwenye pumu na aliniambia wazi, fundi, mimi ile harufu ya tina siitaki ndani ya nyumba yangu hata siku moja, kama huwezi niambie nitafute mwingine. Nikamwambia mama, naweza. Na kiukweli mimi mwenyewe nilikuwa nimeshachoka na tina, kuna siku nikitoka kwenye chumba cha kupulizia kichwa kinagonga mpaka usiku na chakula hakina ladha, ile toluini iliyomo mle sio kitu cha kukizoea hata kama wote tumekizoea. Nilitaka hii kazi ifanikiwe kuliko kazi yoyote ya mwaka ule. Naandika hapa kwa sababu tangu nimalize lile jiko mafundi wenzangu wananiuliza mbona ya kwako inalala na ya kwetu inakuwa ganda la chungwa, na majibu ya kwenye simu hayatoshi.

Nianze na mkono, maana hapo ndo tatizo lilipokuwa. Sisi tuliojifunzia kwenye rangi ya NC, yaani ile ya nitroselulosi inayochanganywa na tina, tumefundishwa kwamba ukiona pamekauka ongeza, ukiona pamekuwa na mchanga mchanga pitisha tina tupu kidogo, itayeyusha vyote na uso utalala. Na ni kweli, kwa NC mkono mpya wa rangi, yaani tabaka jipya, unayeyusha ule wa chini, vinakuwa kitu kimoja, makosa ya asubuhi unayafuta mchana. Rangi ya maji haiko hivyo. Mle ndani kuna vichembe vidogo sana vya plastiki ya akriliki vinaelea kwenye maji, maji yakiondoka vinasogeleana, vinabanana, alafu kuna kiyeyushi kidogo cha polepole kinachovilainisha mpaka vinashikana vinakuwa ngozi moja. Vikishashikana basi, ukipiga mkono wa pili hauyeyushi wa kwanza, unakaa juu yake tu kama shuka juu ya godoro, na godoro likiwa na mabonde shuka litayaonyesha yote.

Kitu cha pili ambacho kilinichukua muda zaidi kukubali: rangi ya maji ikiwa mbichi ni mbaya kuiangalia. Ina maziwa maziwa, ina mikunjo midogo, unaiona kabisa haijalala. Ukiiacha, maji yanavyotoka inanywea, inajivuta, na ule ukunjo unaondoka. Ile siku ya mlango wa kwanza kama ningeweka gani (bunduki ya kupulizia rangi) chini nikaenda kunywa chai pengine ningekuta mlango mzuri. Baadae nilifanya jaribio, nikachukua vipande vitatu vya MDF (zile mbao za nyuzi za miti zilizogandamizwa) vyenye praima (rangi ya chini ya kushikia), cha kwanza nikapita haraka rangi ikakaa nyembamba, cha pili nikapita mwendo wa kawaida kila mstari ukifunika nusu ya uliopita, cha tatu nikapita kama cha pili alafu nikarudia. Nikavilaza mezani nikatoka nje. Jioni cha kwanza kilikuwa kikavu kimepauka na ukipitisha kiganja unahisi mchanga, cha tatu kilikuwa kimejikusanya pembeni, na kile cha pili, ambacho kikiwa kibichi nilikuwa nimeshakihukumu kwamba hakifai, kilikuwa kimelala kama kioo. Nimekitundika karakana mpaka leo, kijana mpya akija namwonyesha hicho kabla sijamwonyesha gani.

Sasa kwanini maji yanasumbua hivyo. Maji yanajishika yenyewe kwa nguvu, ndo maana tone la maji kwenye jani la mgomba linakaa duara halisambai. Wenye maabara wanaupima huo mvutano wa uso, maji safi ni kama 72 na toluini ni kama 28 tu kwa kipimo hicho hicho, yaani tina yenyewe inataka kusambaa na maji yenyewe yanataka kukusanyika. Kiwanda kinatia dawa za kupunguza huo mvutano ila hawaumalizi wote, kwaiyo mahali palipo na mafuta, hata alama ya kidole cha mtu aliyekula chipsi, rangi inakimbia inaacha kijiduara kitupu katikati, sisi tunaita jicho la samaki. Makabati ya jikoni ya zamani ndo balaa maana mvuke wa kukaangia umeyapaka mafuta miaka yote, na polishi za kung'arishia samani zenye silikoni ni mbaya zaidi ya mafuta ya kupikia. Naosha kwa sabuni ya kuondoa grisi, nasuuza kwa maji mara mbili, nakausha, alafu ndo napiga msasa. Ukianza na msasa unayaingiza mafuta ndani ya mbao. Na jambo jingine, maji ili yageuke mvuke yanahitaji joto karibu mara 6 ya lile linalohitajika na toluini kwa uzito ule ule, kwaiyo yanakaa kwenye mlango muda mrefu, na chochote kilichokaa mbichi muda mrefu kwenye mlango uliosimama wima kitashuka.

Kwaiyo ukiwa na rangi ndogo mno inabaki mchanga, ukiwa nayo nyingi mno inalia machozi, na nafasi ya katikati ni nyembamba kuliko ya NC. Jicho peke yake halitoshi kuikamata hiyo nafasi, ndo nikaanza kupima, kitu ambacho hapa kwetu tulikuwa tunakiona cha mafundi wa viwandani. Nina kichana kidogo cha chuma chenye meno ya urefu tofauti, kila jino limeandikwa maikroni zake, maikroni 1,000 ni milimita moja. Unakisimamisha kwenye rangi mbichi, unakitoa, unaangalia jino la mwisho lililolowa na la kwanza lililobaki kavu, unene wako uko katikati ya hayo mawili. Mimi nalenga maikroni 100 za ubichi kwenye mlango uliolazwa na kama 80 kwenye kitu kilichosimama. Rangi ninayotumia kwa ujazo wake asilimia 35 ndo inabaki baada ya maji kuondoka, kwaiyo mkono wa maikroni 100 unakuachia 35 kavu, na mikono mitatu unafika kama 105. Wiki ya kwanza nilikuwa nachomeka kichana kila mlango, kwenye kona ya nyuma ambapo bawaba itapafunika, baada ya hapo mkono ukajifunza mwendo wake na sasa nachomeka mlango mmoja kati ya mitano.

Hesabu hiyo hiyo inakusaidia kununua rangi. Lita 1 ikilala maikroni 100 inafunika mita za mraba 10, ila gani inapoteza nyingine hewani, hata zile gani za presha ndogo ambazo zinasifiwa kwa kutopoteza unahesabu asilimia 65 ndo inafika kwenye mbao, kwaiyo ni mita 6 na nusu. Milango 26 ya wastani wa sentimita 60 kwa 70, mbele na nyuma, ni karibu mita 22, gawanya utapata lita 3 na nusu kwa mkono mmoja. Bila hesabu hiyo kilichokuwa kinanikuta ni kuishiwa katikati ya mkono wa mwisho, unanunua kopo jingine unakuta weupe wake hauko sawasawa na wa kwanza. Siku hizi nanunua yote pamoja na namimina makopo yote kwenye ndoo moja nakoroga ndo naanza.

Na kukoroga jamani. Weupe wa rangi unatoka kwenye titani dioksidi, sisi tunaita titani tu, unga mzito, uzito wake ni zaidi ya mara 4 ya maji ya ujazo ule ule, kwaiyo ukiliacha kopo wiki moja titani inakaa chini na juu unabaki na maji maji. Koroga na ubao bapa ukikwangua chini kabisa mpaka usisikie kitu kigumu. Usitikise. Ukitikisa unaingiza mapovu, na mapovu ya rangi ya maji yana tabia ya kusubiri mpaka ngozi ianze kushika ndo yanapasuka. Ukishakoroga chuja, chujio la karatasi au hata soksi ndefu ya nailoni ya kina mama iliyooshwa, kila mara, hata kama kopo umelifungua dakika hiyo hiyo.

Uzito wa rangi kwenye gani napima kwa kikombe cha Ford namba 4, kile chenye tundu chini, unakijaza unaachia kidole unahesabu sekunde mpaka uzi wa rangi ukatike. Rangi yangu ikitoka kopo inakwenda zaidi ya sekunde 60, naisogeza kwa maji safi mpaka kati ya 30 na 40. Mara nyingi ni asilimia 5 ya maji, sijawahi kuvuka 10, kwa sababu ukitia maji mengi vile vichembe vinakuwa mbali mbali, kiyeyushi kinakuwa hafifu, ngozi haishikani vizuri na weupe haufuniki. Fundi aliyezoea kutia tina nusu kwa nusu anaona kama namdanganya lakini hapo ndo wengi wanapoharibu, wakiona rangi nzito hawabadili nozeli wanaongeza maji. Kwa vanishi tunatumia nozeli ya milimita 1.3 au 1.4, rangi ya maji yenye titani nimehamia 1.8 na maisha yakawa mepesi. Presha nasoma pale kwenye gani nikiwa nimevuta triga, sio ikiwa imepumzika, maana ikipumzika geji inasoma kubwa kuliko ukweli, na mimi nabaki kwenye baa 2.

Kompresa ndo ugomvi wa karakana ndogo. Hizi za farasi 2 zenye tangi la lita 50 hazitoi hewa ya kutosha kuilisha gani ya presha ndogo mfululizo, unaanza mlango vizuri, ukifika nusu sindano ya geji imeshuka, feni ya rangi (ule mtawanyiko unaotoka kwenye nozeli) inasinyaa katikati, matone yanakuwa makubwa, na nusu ya pili ya mlango inatoka ganda la chungwa wakati nusu ya kwanza imelala. Kama umewahi kupata mlango wa namna hiyo usiilaumu rangi, angalia sindano ya geji. Mimi nilikuwa sina hela ya kompresa kubwa, nikaanza kupiga mlango mmoja nasimama mpaka tangi lijae ndo napiga mwingine, inakula muda lakini inatoka kazi. Baadae tukaunganisha kompresa mbili kwa mpira wa njia tatu. Na toa maji ya tangi kila asubuhi, kwa hewa yetu ya pwani unafungua ile koki ya chini unatoa kikombe kizima cha maji yenye kutu na mafuta, hayo yote yangeishia kwenye mlango wa mtu.

Kuna kosa moja nililifanya siku ya pili ya lile jiko ambalo naomba mtu asilirudie. Gani yangu ilikuwa ya NC miaka yote, nikaiosha kwa tina ikang'aa, nikamimina rangi ya maji, na ndani ya dakika mbili ikaanza kutema vipande, nilipofungua nikakuta rangi imekatika kama maziwa yaliyotiwa limao, imeganda kwenye njia zote. Tina na rangi ya maji havikai nyumba moja. Katikati yao lazima apite mtu anayeelewana na wote, na huyo ni spiriti, maana spiriti inachanganyika na tina na inachanganyika na maji. Kwaiyo unaosha kwa tina, alafu spiriti, alafu maji, ndo unaweka rangi, na ukirudi kwenye NC unafuata njia hiyo hiyo kinyumenyume. Gani yenye njia za chuma cha kawaida nayo usiiache na maji usiku, asubuhi utapata madoa ya kutu kwenye rangi nyeupe, tafuta yenye njia za chuma kisichoshika kutu na hata hiyo ifungue sindano na nozeli uikaushe ndo ulale. Niliishia kununua gani ya pili ya maji tu, na nimeifunga utepe wa bluu vijana wasichanganye.

Mbao sasa. Lile jiko lilikuwa mchanganyiko, fremu za milango ni paini ya Mafinga na kujaza katikati ni MDF, alafu mapambo ya juu ya kabati mwenye nyumba wa kwanza alitumia mkongo. Kila mmoja ana tabia yake na maji yanazifichua zote. Paini ina macho, na kwenye jicho kuna utomvu ambao utatoka polepole ukipata joto la jikoni, doa la njano kwenye mlango mweupe. Mkongo na mninga ndo usiseme, rangi yao ya asili inayeyuka kwenye maji, unapiga praima nyeupe ya maji asubuhi na jioni imegeuka njano au ya pinki, unapiga tena inatoka tena. Mkongo unajulikana kwa ule unga wa njano ndani ya vitundu vyake. Hapo hakuna idadi ya mikono ya rangi ya maji itakayokuokoa, lazima kuwe na ukuta katikati.

Ukuta wenyewe niliupata kwa mzee aliyenifundisha kazi. Nilimpigia simu, shikamoo mzee, nina hili na hili, akasikiliza akaniuliza, ile shelaki tuliyokuwa tunapolishia mliiacha wapi? Wazee walikuwa wanapolishi kwa shelaki, ule utomvu wa wadudu wa India unaokuja kama magamba, unaloweka kwenye spiriti. Sisi tuliokuja na NC tuliidharau. Kumbe shelaki inaziba utomvu wa paini na rangi ya mkongo vizuri sana, na kwa sababu iko kwenye spiriti haiziamshi zile rangi zinazoyeyuka kwenye maji. Mzee akaniambia kitu kimoja zaidi, shelaki ina nta ndani, iloweke usiku kucha kwenye chupa ya kioo uiache itulie siku mbili tatu, nta itakaa chini kama uji, wewe mimina ile ya juu iliyo safi tu, maana rangi ya maji haitashika kwenye nta. Nilifanya hivyo hivyo, mikono miwili myembamba kwenye macho yote ya paini na kwenye mkongo wote, nikapitisha msasa wa 320 kwa wepesi ndo nikaweka praima. Imepita mwaka na miezi, mama wa Tegeta hajaniambia doa.

MDF yenyewe usoni haina shida, shida ni kwenye kingo zilizokatwa, zinakunywa maji kama sifongo zinavimba na nyuzi zinasimama. Nazipaka fila nyepesi kwa kidole, zikikauka msasa wa 220, praima, msasa wa 320, praima tena. Na mbao yoyote ukiilowesha mara ya kwanza manyoya yake yanasimama, kwaiyo usishangae praima ya kwanza ikiwa kama ulimi wa paka, ndo kazi yake, isugue 320 na haitasimama tena. Wote wanaotafuta ulaini kwenye mkono wa mwisho wamechelewa. Mimi nusu ya muda wa kazi yote naumalizia kwenye praima.

Hali ya hewa ya Dar inaamua saa za kazi. Kipindi cha kaskazi, Januari na Februari, karakana ya bati mchana ni tanuri, matone ya rangi yanakauka kabla hayajakutana, kwaiyo naanza saa moja asubuhi na saa tano nimeweka gani chini. Milango isiwe imekaa juani, iguse kwa nyuma ya mkono, ikiwa ya moto iache ipoe kwanza. Kama ni lazima nifanye kazi kwenye joto natia dawa ya kuchelewesha ya kampuni ile ile ya rangi, kwa kipimo cha kopo lake. Masika ni kinyume chake, hewa imejaa maji na maji ya kwenye mlango hayana pa kwenda, mkono ambao ungekauka saa moja unakaa saa tatu, nne. Hapo nasubiri mpaka saa sita mchana hewa ikauke kidogo, napiga mikono myembamba zaidi, na naweka feni inayosukuma hewa ya chumba bila kuelekea kwenye milango moja kwa moja. Siku mvua ikinyesha mfululizo napiga msasa vitu vingine, spreyi hapana. Vumbi nalo, jirani yangu anaranda mbao mita tatu kutoka kwangu, kwaiyo nimejenga chumba cha karatasi ya nailoni na namwagia sakafu maji kidogo kabla ya kuanza.

Milango nailaza. Nina mbao fupi nimezipigilia misumari ikatokeza upande wa pili, mlango unalala juu ya ncha za misumari. Napiga nyuma kwanza, ikikauka nageuza napiga mbele, vijialama vya misumari vinabaki nyuma ambako sio rahisi kuonekana. Kwenye kila mlango naanza na kingo nne, alafu zile kona za ndani za fremu kwa feni niliyoibana, mwisho uso wote. Gani iko sentimita 15 mpaka 20 kutoka kwenye mlango, na iko wima muda wote, kiwiko ndo kinasafiri na kifundo cha mkono kimekaa imara, ukikunja kifundo mwanzo na mwisho wa mstari vinapata rangi kidogo na katikati kunajaa. Triga naivuta kabla sijafika kwenye mlango na naiachia nikishapita. Kila mstari unafunika nusu ya uliopita. Naangalia kwa pembeni upande wa mwanga, natafuta ule ung'avu mbichi unaofuata nyuma ya gani bila kukatika, ukikatika niko mbio mno au niko mbali mno. Nikimaliza mlango, nimemaliza. Kuna nzi ametua, muache, utamtoa na msasa kesho. Kuna sehemu inaonekana nyembamba, iache, kuna mkono mwingine unakuja. Hii ya kuacha ndo ilikuwa ngumu kwangu kuliko yote na mpaka leo vijana wangu nawashika mkono.

Barakoa uvae. Maji sio leseni ya kupumua ule ukungu, ni plastiki na titani inayoingia kifuani, na mle bado kuna viyeyushi kidogo. Mimi navaa ile ya vichujio viwili pembeni kama zamani.

Kati ya mikono nasubiri mpaka msasa utoe unga mkavu mweupe. Msasa ukijaa uvimbe uvimbe rangi bado, rudi baadae. Natumia 320 kwenye mkono wa kwanza na 400 kabla ya mkono wa mwisho, kwa sababu huu wa juu hauyeyushi wa chini na unahitaji mikwaruzo ya kushikia. Unga nafuta kwa kitambaa kilicholowa maji kikakamuliwa, sio kitambaa cha tina, sio hewa ya kompresa inayoupeleka ukutani ukurudie.

Na tafadhali msitumie emalshani ya ukutani kwenye makabati hata kama na yenyewe ni ya maji na bei yake inavutia. Ile imetengenezwa ikae ukutani ambapo hakuna kitu kinachoigandamiza, kwenye kabati mlango unagusana na fremu usiku mzima kwenye joto na asubuhi ukifungua unabandua rangi. Tafuta rangi ya maji ya mbao na milango, akriliki ngumu au akriliki yenye poliyurethani, na kama kazi ni ya jiko linalotumika sana kuna zile zenye kigumishi cha kuchanganya pembeni. Hata hiyo nzuri inahitaji muda, ukiigusa baada ya saa mbili ni kavu lakini ugumu wenyewe inaupata polepole, wiki mbili tatu, mpaka nne kwenye masika. Ili kujua kama imefika napiga vipande viwili vya majaribio siku ile ile na milango, navilaza uso kwa uso, naweka tofali juu, navitenganisha asubuhi. Vikitoa sauti ya kubanduka bado.

Vya Tegeta vilitoa sauti siku ya 5, siku ya 9 vikatoa kidogo, siku ya 14 vikaachana kimya. Mama alikuwa ameshapiga simu mara tatu kuuliza, fundi, si ulisema imekauka? Nikamwomba radhi nikamweleza, na nikamwambia mwezi wa kwanza afute kwa kitambaa chenye maji tu, dawa za kusugulia aziweke mbali. Jumamosi tukaenda kufunga, nikaweka vile vigololi laini vya mpira kwenye kila kona ambapo mlango unagusa fremu, mtoto akiwa jikoni na sisi muda wote anatupitishia skrubu.